Chladni na Siri ya Vimondo

Katika Wilaya ya Mbozi, kati ya Tunduma na Mbeya, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi. Je, wajua ni nani aliyetetea ukweli kwamba vimondo huanguka kutoka angani?

Ernst Chladni alizaliwa Ujerumani mwaka 1756. Alisomea sheria kwa matakwa ya baba yake, kisha akageukia sayansi. Alilinganisha habari za watu walioshuhudia vimondo vikianguka, akaandika kitabu mwaka 1794. Wataalamu wengi walimcheka.

Mwaka 1803 mawe mengi yalianguka L'Aigle, Ufaransa. Yalipochunguzwa, wengi waliobisha walikubali. Chladni alifariki mwaka 1827.

Mwanafunzi, tunamheshimu kwa sababu alifuata ushahidi hata alipochekwa. Nawe fanya hivyo.