Oliver Hudson Kelley, Katibu wa Wakulima

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za maghala yetu, mizani yetu na hisa zetu kwa muda wa miaka kumi. Sisi tulioshika kazi ya ukatibu tumeona yafaa kuongeza habari za katibu mwenzetu, mtu wa nchi ya mbali aliyefariki zamani, kwa maana taabu aliyoipata na kosa lililokipata chama chake ni mambo yatuhusuyo.

Oliver Hudson Kelley alizaliwa mjini Boston, Marekani, tarehe 7 Januari 1826. Hakuzaliwa mkulima. Mwaka 1849 alihamia Minnesota, nchi iliyokuwa bado changa, na huko ndiko alikoshika jembe, akijifunza kilimo kwa kusoma vitabu na magazeti. Shamba lake lilikuwa karibu na mto Mississippi. Mwaka 1864 akapata kazi ya ukarani katika idara ya kilimo ya Serikali huko Washington.

Wakati ule Marekani ilikuwa vitani, watu wa Kaskazini na watu wa Kusini wakipigana wao kwa wao. Vita vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulikomeshwa, lakini mashamba ya Kusini yalikuwa yameharibika sana. Mwaka 1866 Kelley alitumwa kwenda kuyatazama. Aliona wakulima waliotengana, kila mmoja na shida yake, wasio na pa kukutana wala pa kufundishana. Ndipo alipowaza kuunda udugu wa wakulima wa nchi nzima.

Tarehe 4 Desemba 1867 Kelley na wenzake wachache waliuanzisha udugu huo, ukajulikana kwa jina la Grange. Yeye akawa katibu. Binti wa ndugu yake, Bibi Caroline Hall, ndiye aliyemshauri kwamba wanawake waingie chamani kwa haki sawa na wanaume, naye akalikubali shauri hilo. Kwa siku zile lilikuwa jambo la ajabu, kwani wanawake wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa nchi. Hata hivyo hatuna budi kusema kweli yote: huko Kusini milango ya Grange ilifungwa kwa wakulima weusi walio wengi. Udugu huo haukuwafikia watu waliouhitaji kuliko wote.

Mwezi wa Aprili 1868 Kelley aliacha kazi ya mshahara, akafunga safari kueneza chama. Tawi la kwanza lililosimama imara lilikuwa la Fredonia, katika jimbo la New York. Lakini miji mingine ilimsikiliza, isimfuate. Alirudi Minnesota na deni la uchapaji, akaendelea kuandika barua usiku na mchana, Bibi Caroline akimsaidia. Hapo ndipo alipojifunza jambo kubwa. Wakulima hawakuvutwa sana na maneno ya elimu na sherehe. Walitaka kujua chama kitawakinga vipi na wale waliokuwa wakiwanyonya.

Nao walinyonywa kweli. Viwanda na reli vilikuwa vikienea kwa haraka. Mwaka 1869 reli ilikwisha kuunganisha mashariki na magharibi ya nchi. Mkulima wa ndani hakuwa tena na njia nyingine ya kufikisha nafaka sokoni. Kampuni ya reli ilipanga nauli ya mizigo ipendavyo, na mara nyingi mahali palipokuwa na reli moja tu palitozwa zaidi kuliko mahali penye reli mbili zilizoshindana. Huko Chicago wenye maghala marefu ya nafaka walipatana ada miongoni mwao, na wakulima walinung'unikia mizani na madaraja ya nafaka yao. Mwaka 1873 mabenki yakafunga milango, bei zikaanguka, na wakulima wakaingia Grange kwa wingi. Mwanzoni mwa mwaka 1875 wanachama walikuwa zaidi ya 850,000.

Nguvu hiyo ilizaa matunda. Majimbo ya Illinois, Iowa, Minnesota na Wisconsin yalitunga sheria za kuweka mipaka ya nauli na ada za maghala. Si kazi ya Grange peke yake, kwani vyama vingine vya wakulima na wafanyabiashara walishiriki, lakini sheria hizo zimebaki na jina lake. Wenye maghala wakazipinga mahakamani. Mwaka 1877 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mali ya mtu binafsi itumikayo kwa huduma ya watu wote yaweza kuwekewa masharti na Serikali. Mwaka 1887 nchi nzima ikapata sheria ya kusimamia reli.

Sasa twafika kwenye kosa. Matawi yalikuwa yakinunua na kuuza kwa pamoja, na wanachama wakapata vifaa kwa bei nafuu. Kwa kuona faida hiyo, Grange ya Iowa ikaamua kuunda mashine za kuvunia nafaka. Mtaji ulikuwa mdogo, ujuzi wa kiwanda haukuwapo, na washindani walikuwa matajiri. Kazi hiyo ikaanguka, na hasara yake ikawatia wanachama hofu kwamba wao wenyewe watadaiwa. Penginepo maduka ya ushirika yalikopesha ovyo, au yalikuwa na mameneja wasiojua biashara. Watu wakajitoa makundi kwa makundi. Kufika mwaka 1880 walibaki kama 124,000.

Kelley alijiuzulu ukatibu mwaka 1878, akaenda Florida kujaribu biashara ya ardhi, asipate utajiri. Alifariki Washington tarehe 20 Januari 1913, akiwa na umri wa miaka 87. Chama chake kilipungua lakini hakikufa. Kingaliko hata leo.

Ndugu wanachama, karibu katika kila Mkutano Mkuu wetu husikika shauri kwamba Chama Kikuu kijenge kiwanda chake. Hatusemi shauri hilo ni baya, maana mwenye kuuza mazao yake ghafi humwachia mwingine sehemu kubwa ya faida. Twasema tu kwamba watu wa Iowa hawakushindwa na adui. Walishindwa na hesabu ambazo hazikupigwa mapema. Basi shauri hilo litakapoletwa tena, wajumbe waulize kabla ya kunyosha mikono: mtaji watoka wapi, nani ataiendesha mashine, mali ghafi yatosha miezi mingapi, na hasara ikija italipwa na nani? Maswali hayo yakijibiwa kwa maandishi, na kila chama cha msingi kikayasoma, ndipo tutakapoweza kuamua.