Maisha ya Rudolf Diesel, Mwenye Injini ya Dizeli

Wasomaji wa gazeti letu, bila shaka kila mmoja wenu amekwisha kulisikia neno dizeli. Limeandikwa katika vituo vya mafuta, na madereva hulitaja kila siku. Lakini si wengi wanaojua kuwa neno hilo ni jina la mtu. Nataka kuwaeleza habari za mtu huyo, kisha nionyeshe jinsi kazi yake inavyowahusu wazazi wetu wanaotaka kununua gari dogo la kazi, nao hawajui wachukue la petroli au la dizeli.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, wala hawakuwa watu wa mali. Mwaka 1870 vita vilizuka, na Wajerumani waliokaa Paris ikawabidi kuondoka. Wazazi wake walihamia London, na Rudolf, naye ana umri wa miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kukaa kwa jamaa yao aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Huko alisoma kwa bidii, akaendelea mpaka chuo cha ufundi cha Munich.

Katika chuo hicho alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za baridi. Mwalimu huyo aliwaeleza kuwa mashine ya mvuke hupoteza joto jingi mno: katika kila sehemu 100 za joto la makaa, zinazogeuka kazi hazizidi 10 hivi. Diesel hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1879, wakati wa mtihani wake, aliugua homa ya matumbo akashindwa kuufanya. Aliufanya Januari 1880, akafaulu kwa sifa kubwa sana.

Alifanya kazi ya mashine za barafu kwa miaka mingi, lakini moyo wake ulikuwa katika injini. Mwaka 1892 aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1893 akaipata. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp walikubali kugharimia majaribio. Jaribio la kwanza, Agosti 1893, nusura lilete maafa: mafuta yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha mgandamizo kikapasuka na vipande vikaruka. Diesel hakuacha. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja tu. Miaka mitatu ikapita tena katika kurekebisha. Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima, akaona kuwa inageuza kazi sehemu 26 katika kila 100 za joto. Hapakuwa na mashine nyingine ya joto iliyofikia kiasi hicho.

Siri yake ni hii. Katika injini ya petroli, hewa iliyochanganyika na petroli hushindiliwa kidogo, kisha plagi hutoa cheche na kuiwasha. Katika injini ya Diesel hakuna plagi ya cheche. Hewa peke yake hushindiliwa kwa nguvu nyingi hata ikawa moto sana, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi. Hapo mafuta hupulizwa ndani, nayo huwaka mara moja. Kushindilia huko ndiko kunakofanya mafuta machache yatoe kazi nyingi. Tena ndiko kunakolazimisha injini iwe nene, nzito, na ya bei kubwa.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel alitajirika, lakini fedha zake zilipotelea katika biashara zisizofaa. Jioni ya tarehe 29 Septemba, 1913, alipanda meli huko Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana, na siku chache baadaye maiti yake ilikutwa baharini. Wengi wanaamini kuwa alijitupa majini kwa ajili ya madeni. Wengine wamedai kuwa aliuawa. Hakuwahi kuona lori la dizeli likiuzwa, maana hayo yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924. Hata meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka ule aliokufa, ilikuwa ya mvuke, ikaja kutiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Sasa tuje kwa gari la kazi. Baba yangu na baba mdogo wanauza mikate, na akiba yao yote ya miaka mingi inatosha kununua gari moja tu. Baba mdogo alitaka dizeli, kwa kuwa hula mafuta machache. Baba alitaka petroli, kwa kuwa bei yake ni nafuu na mafundi wake ni wengi. Waliponiuliza, niliwaomba tufanye hesabu kwanza.

Tuseme gari la petroli hula lita 10 kwa kilometa 100, na la dizeli lita 7. Mtu aendaye kilometa 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ataokoa lita 900. Huyo, hasa akibeba mizigo mizito katika milima, dizeli itamrudishia zile fedha alizozidisha wakati wa kununua. Lakini mtu aendaye kilometa 20 tu kwa siku ataokoa lita 180. Tena pampu ya dizeli huharibika upesi mafuta yakiingia maji au taka, na kuitengeneza ni ghali. Dizeli za siku hizi zina chujio la masizi, nalo huziba gari likienda safari fupi fupi bila kupata moto sawasawa. Na moshi wake si wa kudharauliwa: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa huleta saratani.

Mikate ni miepesi, na maduka ya baba yapo mjini, mwendo wa kilometa 20 hivi kwa siku. Basi wakakubaliana kununua la petroli. Jirani yetu achukuaye viazi kutoka milimani ana la dizeli, naye hakukosea. Enyi wazazi, kabla ya kutoa fedha zenu, pimeni kwanza njia yenu na mzigo wenu. Diesel alijua kuhesabu joto kuliko watu wote wa wakati wake, lakini hesabu ya fedha zake mwenyewe ilimshinda, ikamgharimu.