Gottlieb Haberlandt: Mtaalamu aliyetabiri miche ya maabara

MKULIMA wa Kenya anayepanda migomba iliyokuzwa maabarani, na mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa ya paclitaxel, wote wana deni kwa mtu ambaye majaribio yake mwenyewe yaliambulia patupu.

Gottlieb Haberlandt alizaliwa Hungary mwaka wa 1854. Babake, Friedrich, alikuwa mwalimu wa kilimo na mmoja wa waliohimiza Ulaya kupanda soya. Kijana alisomea Vienna, kisha akafundisha Graz, Austria, kwa takriban miaka 30. Kitabu chake cha 1884 kilieleza maumbile ya mmea kwa kuzingatia kazi ya kila sehemu.

Ni mnamo 1902 alipoiwasilishia Akademia ya Sayansi ya Vienna wazo lake. Alishikilia kwamba kila seli hai ya mmea ina uwezo wa kuzaa mmea mzima, mradi itengwe na kulishwa ipasavyo. Alichukua seli za majani na vinyweleo, akaziweka katika maji yenye chumvichumvi na sukari. Baadhi zilitoka kwa gugumaji, kwekwe lile lile lililokuja kuwahangaisha wavuvi wa Ziwa Victoria miongo mingi baadaye.

Seli hizo ziliishi majuma kadhaa. Zilinenepa na kujiwekea akiba ya wanga. Hakuna hata moja iliyogawanyika.

Kosa lake linaeleweka leo. Alichagua seli zilizokwisha kukomaa na kuzinyima homoni, ambazo wakati huo hazikuwa zimegunduliwa. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeukaribia ufumbuzi. Kufikia 1913, akiwa Berlin, alikuwa ameonyesha kuwa seli za kiazi hugawanyika zikipata kitu kinachotoka katika mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Hata hivyo, hakukitumia kitu hicho kuzifufua seli zake za 1902.

Uzee wake haukukosa majonzi. Mwanawe Ludwig, aliyefungua njia ya tembe za kupanga uzazi, alifariki 1932. Haberlandt mwenyewe aliaga dunia Berlin mnamo Januari 1945, akiwa na miaka 90, vita vikiukaribia mji huo.

Homoni iliyokosekana ilitambuliwa Marekani mnamo 1955, na miaka mitatu baadaye F.C. Steward akatangaza kuwa amepata mimea ya karoti kutokana na seli. Watengenezaji wa dawa nao walivutiwa. Mnamo 1983 Wajapani walianza kuuza shikonini, rangi ya mzizi wa dawa, iliyozalishwa na seli ndani ya matangi.

Paclitaxel nayo ilitolewa kwanza katika gome la mti wa yew wa Marekani, mti ambao hukua polepole na hufa ukichunwa. Siku hizi sehemu ya dawa hiyo hutoka kwa seli za jamii ya mti huo zinazokuzwa matangini, bila shina lolote kuguswa.