John Hunter: daktari aliyetuonyesha kwamba taya la mtoto ni kitu hai

Kliniki ya watoto, akina mama wengi huuliza kwa nini meno ya mtoto yanaota yakiwa yamepandana, na kwa nini waya za kunyooshea meno hukaa mdomoni mwaka mzima au zaidi. Wengine hudhani daktari anachelewesha kazi. Ili kuelewa jambo hili, tumwangalie mtu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 200 iliyopita.

John Hunter alizaliwa mwaka 1728 huko Scotland, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 10. Shule haikumkaa. Aliiacha akiwa bado mdogo, akapenda zaidi kuzunguka mashambani akichunguza ndege, wadudu na majani. Mwaka 1748 alikwenda London kumsaidia kaka yake William, aliyekuwa anafundisha madaktari muundo wa mwili. Hapo ndipo alipogundua kipaji chake, akawa daktari wa upasuaji. Kuanzia mwaka 1760 alitumikia jeshi, na aliporudi London alifanya kazi pamoja na daktari wa meno. Mwaka 1771 alitoa kitabu kikubwa kuhusu meno ya binadamu.

Hunter hakuridhika kukisia. Alitaka kupima. Aliwalisha nguruwe wadogo chakula kilichochanganywa na mzizi wa mmea unaotoa rangi nyekundu. Mfupa unaojengwa wakati mnyama anakula mzizi huo huwa mwekundu, na akiacha kuula, mfupa mpya huwa mweupe. Kwa njia hiyo aliweza kuona mfupa umeongezeka wapi. Kwa nguruwe mwingine alitoboa matundu mawili kwenye mfupa wa mguu na kuweka punje ndogo za risasi. Mnyama alikua na mfupa ukarefuka, lakini umbali kati ya punje zile ulibaki uleule. Maana yake, mfupa ulikuwa unarefukia kwenye ncha zake.

Alipolinganisha mataya ya watoto wa umri mbalimbali, aliona kwamba taya la chini halitanuki kama puto. Huongezeka zaidi kwa nyuma, ili magego ya ukubwani yapate pa kuota. Sehemu ya mbele, yanapokaa meno ya utotoni, haiongezeki sana. Aliona pia kwamba jino lililokaa vibaya linaweza kusogezwa kwa kulisukuma taratibu, hasa mtu akiwa bado mdogo.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliunga mkono kung'oa jino zima la mtu mmoja na kulipandikiza kwa mwingine. Mara nyingi maskini, wakiwemo vijana wadogo, waliuza meno yao kwa matajiri. Wengi wa waliopandikizwa hawakudumu na meno hayo, na wengine walipata maradhi. Tena wanyama wake waliumia, kwani dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana.

Hunter alifariki ghafla Oktoba 1793, hospitalini alikokuwa akifanya kazi, baada ya kusumbuliwa na moyo kwa miaka mingi. Mmoja wa wanafunzi wake, Edward Jenner, ndiye aliyekuja kuanzisha chanjo ya ndui.

Kazi ya kupima iliendelea. Miaka ya 1904 na 1905 zilichapishwa kazi za Carl Sandstedt wa Sweden, aliyesogeza meno ya mbwa kwa waya kisha akachunguza mfupa kwa hadubini. Upande ambao jino linasukumiwa, mfupa huliwa. Upande linakotoka, mfupa mpya hujengwa. Nguvu ikizidi, damu hukosa njia, sehemu iliyobanwa hufa, na jino hukwama kwa muda. Siku hizi watafiti hutumia zaidi panya: huvuta gego kwa springi ndogo, kisha hupima pengo lililotokea kwa kipimo chembamba au kwa picha za eksirei. Kwa binadamu, jino husogea takriban milimita 1 kwa mwezi.

Sasa mama, na wewe mlezi, chukueni haya:

Msiharakishe. Kukaza waya kupita kiasi hakuongezi kasi, kunaumiza mfupa na mzizi wa jino.

Msifunge meno ya mtoto kwa mpira wa pesa au uzi ili kuziba mwanya. Mpira huteleza ukaingia ndani ya ufizi, ukala mfupa kimyakimya, na mtoto akapoteza meno mazima.

Tunzeni meno ya utotoni. Gego la utotoni likioza na kung'olewa mapema, majirani zake huegemea kwenye pengo, na jino la ukubwani hukosa njia. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi na kupunguza vitu vitamu ndiyo kinga.

Mtoto akifika miaka 7 hivi na meno yanapandana, mpelekeni kwa daktari wa meno akaangaliwe. Si lazima afungwe waya siku hiyo. Wakati mwingine ushauri ni kusubiri tu, taya limalize kazi yake.