Staa wa Hollywood aliyekuja Nanyuki kuwinda, akaacha darasa la porini

Kama uliwahi kwenda Nanyuki na trip ya shule, huenda ulipelekwa kwenye kile kituo cha elimu ya wanyamapori karibu na Mount Kenya Safari Club. Kuna madarasa yanayolala huko kabisa. Mtoto wa mtaa anaamka na baridi ya mlima, kisha anamwona duma wa ukweli, si wa kwenye simu. Kituo chenyewe kina jina la William Holden, na wengi wetu tulilisoma kwenye bango tukapita tu. Sasa huyu jamaa alikuwa nani?

Alizaliwa 1918 katika jimbo la Illinois, Marekani, na jina lake halisi lilikuwa William Franklin Beedle. Familia ilihamia California akiwa bado mdogo. Mwaka wa 1939 alipata nafasi kubwa kwenye filamu ya Golden Boy, lakini alianza vibaya hadi wenye studio wakataka kumtoa. Aliyemtetea ni staa mwenzake, Barbara Stanwyck. Miaka 15 baadaye alishinda Oscar kwa filamu ya Stalag 17. Mwaka wa 1957 akacheza The Bridge on the River Kwai, na mkataba wake ulimpa asilimia 10 ya mapato. Hapo pesa haikuwa shida tena.

Kilichomleta Kenya ni uwindaji. Mwaka wa 1959, akiwa safarini na matajiri wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, alipenda hoteli moja chini ya Mlima Kenya. Wakainunua na kuigeuza Mount Kenya Safari Club. Tusidanganyane: Kenya ilikuwa bado koloni, na hiyo klabu ilikuwa ya mabwanyenye wa dunia. Mwananchi wa kawaida wa Nanyuki aliingia pale kufanya kazi, si kustarehe.

Lakini kadiri alivyozoea hapa, ndivyo bunduki ilivyomwisha hamu. Mwaka wa 1967, yeye na rafiki yake Don Hunt walianzisha shamba la wanyama pale kando ya klabu. Wakatenga ardhi wanyama wakae na wazaane. Hiyo ilikuwa miaka 10 kabla serikali ya Kenya kupiga uwindaji marufuku, 1977.

Mnyama anayesimulia hadithi hii vizuri ni bongo. Si Bongo ya Diamond, hapana. Huyu ni swara mkubwa wa msituni, mwekundu-kahawia, mwenye mistari myeupe mbavuni. Miaka ya 1960 na 1970 bongo walikamatwa kwenye misitu yetu wakapelekwa zoo za Marekani, na Hunt alikuwa mmoja wa waliowakamata. Ukiangalia haraka, utasema huo ni wizi. Tatizo ni kwamba waliobaki msituni walimalizwa na majangili, magonjwa na ukataji miti. Mwaka wa 2004, bongo 18 waliozaliwa kwenye zoo za Marekani walirudishwa hapo hapo Nanyuki. Wakazaana, na mwaka wa 2022 wa kwanza wakaachiliwa kuingia hifadhi maalum ndani ya msitu wa Mlima Kenya. Wale wa porini kabisa wanakadiriwa kuwa chini ya 100, kwa hivyo hii kazi bado mbichi.

Holden mwenyewe hakuona hayo. Pombe ilimshika miaka mingi. Mwaka wa 1966, nchini Italia, aliendesha gari akiwa amelewa, akagonga gari lingine na dereva wake akafa. Mahakama ilimpa kifungo cha nje. Novemba 1981, akiwa peke yake nyumbani Santa Monica, alilewa, akateleza, akagonga kichwa kwenye meza na kuvuja damu hadi kufa. Alipatikana siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 63.

Mpenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, ndiye aliyebeba mzigo. Mwaka wa 1982 alianzisha wakfu kwa jina lake, na kutoka hapo kikajengwa kile kituo. Wanafunzi hufundishwa kwa nini msitu wa Mlima Kenya ukiisha maji ya mito pia yanaisha, jinsi samadi inavyotoa gesi ya kupikia ili kuni zipungue, na kwa nini mnyama aliye hai ana faida kwa kijiji kuliko nyama ya siku moja.

Ukitaka kumpenda Holden ni sawa, ukitaka kumlaumu pia una sababu. Lakini mlango ambao 1959 ulikuwa wa mabilionea, leo jirani yake kuna mlango unaofunguliwa kwa mwanafunzi mwenye begi na blanketi. Shule yenu ikitangaza hiyo trip, wewe lipa uende. Na ukimwona bongo, mwangalie vizuri, kwa sababu alikaribia kuwa picha tu kitabuni.