George Hurst: Mlowezi aliyeanzisha bia na nduguye, ndovu akachukua jina

Siku Gor Mahia inapocheza na Tusker, mashabiki wa Homa Bay hupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Ni wachache huwa wanawaza kwamba timu hizo mbili zinabeba hadithi za watu waliokufa zamani sana, karibu wakati mmoja. Gor Mahia alikuwa mganga wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, na ngano zake nyanya zetu wanazijua kuliko sisi. Tusker nayo, ambayo zamani iliitwa Kenya Breweries, imepewa jina la bia. Bia imepewa jina la ndovu. Na ndovu huyo alimuua mwenye kiwanda.

Mwenye kiwanda aliitwa George Hurst. Alikuwa mlowezi, Mzungu, na hata hakuifaidi biashara yake. Kampuni ilisajiliwa tarehe 8 Desemba 1922. Kufikia mwisho wa 1923, yeye alikuwa ashazikwa.

Hebu turudi nyuma kidogo tuone hiyo Kenya aliyokuwa akiishi. Nchi ilikuwa imetangazwa koloni mwaka wa 1920. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeanza kuwagawia mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Waafrika waliotumika kwenye vita hivyo hivyo kubeba mizigo, na wengi wao walitoka Nyanza, walirudi nyumbani wakapewa kipande cha kuning'iniza shingoni. Wazungu walipokuwa wakiongezeka, kiu nayo iliongezeka. Bia yao ilikuja kwa meli hadi Mombasa, kisha ikapanda treni mpaka Nairobi. Fikiria bei yake ikishafika.

Hapo ndipo George na nduguye Charles, pamoja na mshirika wao H. A. Dowding, walipoona nafasi. Mitambo ikaletwa kutoka Uingereza, kiwanda kikawekwa Ruaraka, ambako wakati huo kulikuwa nje kabisa ya mji. Usifikirie yale matangi ya chuma unayoyaona leo ukipita Thika Road. Kilikuwa kiwanda kidogo cha ndugu wawili, kazi ya familia, na mzigo wa kwanza unaosimuliwa mpaka leo ni kreti kumi tu zilizopelekwa hoteli ya Stanley. Kreti kumi! Siku hizi harusi moja Rongo inaweza kumaliza hizo kabla keki haijakatwa.

Sasa, bia hutengenezwaje? Shayiri huloweshwa ichipue, hukaushwa ikawa kimea, huchemshwa na maua ya hopsi, inatiwa hamira, kisha mtu anangoja. Mama yeyote anayepika busaa Oyugis au Awendo akisoma hapo atacheka, maana ni kazi anayoijua. Wimbi huloweshwa mpaka uchipue, huanikwa juani, husagwa. Unga wa mahindi huchachushwa na kukaangwa. Vyote huchanganywa na maji vikaachwa vichachuke, halafu huchujwa. Ukitaka chang'aa unaongeza hatua moja: pombe iliyochachuka inachemshwa, mvuke wake unapozwa, unarudi chini ukiwa matone. Wenye miwa, kama watu wa Ndhiwa na Awendo, hutumia sukari nguru. Kwa ujuzi, basi, Wazungu wa Ruaraka hawakuwa wameleta jambo geni.

Walichokuwa nacho ni karatasi. Mwaka ule ule wa 1922 Homa Bay na Migori zilikuwa sehemu ya wilaya moja kubwa, South Kavirondo, iliyotawaliwa kutoka Kisii. Tangu 1912 sheria ilikuwa imewapa machifu mamlaka ya kudhibiti utengenezaji wa pombe ya kienyeji. Yaani chifu akiamua, mtungi wako unamwagwa na wewe unashtakiwa. Nairobi nako, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, manispaa ilijipa haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe kule Pumwani. Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Kwa hivyo mtu aliyebeba kreti za akina Hurst mgongoni hangeweza kisheria kununua chupa moja.

Wala watu hawakuwa wamenyamaza. Desemba 1921 vijana waliosoma misheni walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha vuguvugu la Piny Owacho kulalamikia kodi na kipande. Machi 1922 Harry Thuku akakamatwa Nairobi, na waandamanaji waliokwenda kudai aachiliwe wakapigwa risasi karibu na hoteli ya Norfolk. Miezi tisa baadaye, katika mji huo huo, kampuni ya bia ikasajiliwa. Mimi huona ni vigumu kusimulia habari moja nikaiacha nyingine.

Kuhusu kifo chenyewe, George alikwenda kuwinda ndovu. Wazungu wa enzi hizo waliona uwindaji kama mchezo, wakilipia leseni na kurudi na pembe za kutundika ukutani. Mwafrika aliyewinda bila hiyo leseni, hata kama ni porini kwa babu yake, aliitwa jangili. (Uwindaji ulikuja kupigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977.) Safari hii ndovu hakukubali kuwa pambo. Alimuua George, na Charles akabaki na kiwanda kichanga na msiba.

Wengi wetu tungefunga duka. Wengine wangeweka picha ya marehemu kwenye chupa. Charles aliamua kuipa bia jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa, na kichwa cha ndovu kikawekwa kwenye lebo. Ukiwaza vizuri ni jambo la ajabu: mtu kumkumbuka ndugu yake kwa kuchora aliyemuua. Ingawa Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshawaunganisha hao wawili zamani, maana kule Pwani tembo ni mnyama na pia ni pombe ya mnazi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1934 kampuni ikaanza kuuza hisa kwa umma. Ikanunua kiwanda cha bia cha Tanganyika, na mwaka wa 1936 ikajiita East African Breweries. Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kununua bia ya chupa mwaka wa 1947, na hapo ndipo soko lilifunguka kwelikweli, kwa sababu walowezi walikuwa wachache mno kunywesha kiwanda cha ukubwa huo. Miaka ishirini na mitano walikatazwa, kisha wakawa ndio wateja wakubwa.

Na yule mama wa busaa? Uhuru ulikuja, lakini haukumfikia jikoni. Mwaka wa 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Polisi walivamia, mapipa yakatobolewa, na bado karo za watoto wengi wa Nyanza zikalipwa kwa pesa hizo hizo. Sheria ya 2010, ile watu huita ya Mututho, iliondoa marufuku hiyo. Chang'aa sasa ni halali mradi mtengenezaji awe na leseni, afikie viwango, na auze katika chupa ya glasi yenye lebo, isiyopungua mililita 250. Nia ilikuwa nzuri, maana pombe iliyotiwa kemikali imeua na kupofusha watu wengi, na hilo si la kufanyiwa mzaha. Lakini piga hesabu ya chupa, mtambo, vipimo na leseni, halafu umuulize mama pima wa Mbita kama anaimudu. Mpaka sasa mtungi husafiri kwa boti usiku kwenda Remba na Mfangano, chini ya turubai.

George Hurst alianza na kreti kumi, na sheria ilikuwa upande wake. Mwaka wa 2019 kampuni yake ilifungua tena kiwanda cha Kisumu ili kutengeneza bia ya Senator Keg kwa mtama. Mtama huo hulimwa Homa Bay na Migori pia, na msimu wa mavuno ukifika magunia hupakiwa kwenye malori kando ya barabara. Wanaoupepeta kabla haujapimwa kwenye mizani, wengi wao ni akina mama.