FRANÇOIS HENNEBIQUE, MASONI WA BETO YA VYUMA

Kila siku tunapita mbele ya magazini za etaje katika barabara kubwa ya Uvira, na tunaona vyuma vinatokea juu ya paa, vinangoja etaje ingine siku franga zitakapopatikana. Juu ya nini vyuma ndani ya beto? Mwenye kueneza kazi hiyo duniani alikuwa masoni tu, naye habari zake ni hizi.

François Hennebique alizaliwa tarehe 26 Aprili 1842 katika kijiji cha Neuville-Saint-Vaast, kaskazini ya Ufaransa. Hakusoma shule kubwa ya mainjinia. Alijifunza kuchonga mawe angali kijana, akatumika katika kutengeneza makanisa ya zamani, na mwaka 1867 akaanza kazi yake mwenyewe. Miaka mingi alikaa Ubelgiji.

Wakati ule watu walijenga sakafu za etaje kwa mbao ao kwa chuma. Mbao zilishika moto. Chuma nacho kikipata moto mkali kinalegea, na nyumba inaanguka. Mwaka 1879 Hennebique alifunika chuma kwa beto ili moto usikifikie. Halafu akafikiri zaidi. Beto inavumilia sana kukandamizwa, lakini ikivutwa inapasuka upesi. Ukiweka mzigo katikati ya boriti, upande wa juu unakandamizwa, upande wa chini unavutwa. Basi chuma kiwekwe chini, kule kunakovutwa, si popote. Tena karibu na nguzo boriti inapasuka kwa mshazari. Pale akatia vipande vya chuma vilivyokunjwa, vile masoni wetu wanaita etrie. Nguzo pia zinazihitaji. Ni kama mzigo wa kuni: kamba ikikatika, kuni zinatawanyika hata zikiwa ngumu namna gani.

Wengine walikuwa wametia chuma ndani ya beto mbele yake, kama Joseph Monier mwenye vyungu vya maua. Lakini Hennebique aliunganisha nguzo, boriti na sakafu kuwa kitu kimoja, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1892. Alikuwa mfanya biashara mwerevu pia. Makontrakta wa nchi nyingi walijenga kwa ruhusa yake, michoro ikitoka ofisini kwake Paris, na tangu 1898 alikuwa na gazeti lake lenye jina la beto hiyo. Mwaka 1900 ofisi hiyo ikahamia rue Danton namba 1, katika nyumba ya beto tupu ambayo mtu akiipita anaweza kudhani ni ya mawe. Kule Liverpool, Uingereza, jengo la ofisi la Royal Liver, linalopita mita 90, lilimalizika 1911 kwa namna yake. Lingali linasimama.

Lakini si yote yaliyosimama. Mwezi wa Agosti 1901, mjini Basel, Uswisi, hoteli iliyokuwa ikijengwa kwa namna yake ilianguka, na watumishi wakafa chini ya beto. Wataalamu walichunguza, wakaona makosa katika mchanga na kokoto na katika haraka ya kazi, nayo mahesabu pia yakalaumiwa. Mainjinia waliosoma walikuwa wamekwisha kumsema kwamba anahesabu kwa mazoea kuliko kwa elimu. Mimi naona walikuwa na haki kidogo. Uswisi ikatoa sheria za beto mwaka 1903, Ufaransa mwaka 1906, na toka hapo neno la mwenye hati peke yake halikutosha tena.

Sisi wa ziwa hili jambo hilo linatugusa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga Tanganyika, nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 likawa zamu ya Bukavu. Tetemeko linasukuma nguzo huku na huku, na mahali etrie ni chache ao zimeachana sana, vyuma vinapinda kwenda inje na beto inamwagika. Etrie haionekani nyumba ikiisha kupakwa rangi, njo maana ni chepesi kuipunguza.

Hennebique alijijengea nyumba Bourg-la-Reine, karibu na Paris, yenye mnara na bustani juu ya paa, yote kwa beto. Alikufa Paris mwezi wa Machi 1921, mwenye miaka 78. Ukitaka kuona kazi yake, simama asubuhi penye nyumba inayojengwa: yuko kijana mmoja mwenye ubao wa misumari, anakunja chuma chembamba pembe nne, moja baada ya ingine, mpaka saa sita.